Lobedi sio tela la kawaida

Watu wengi wakiona lobedi, lile tela la sakafu ya chini la kubebea mitambo mizito, barabarani wanaona tela refu tu lenye taa za njano, lakini kazi yote iko pale chini. Eskaveta, yaani mtambo wa kuchimba, ya tani 20 na kitu ikishakunjwa mkono ina kama mita 3 kwenda juu, sasa ukiipandisha kwenye flatibedi, tela bapa la kawaida, yenye sakafu ya mita moja na nusu kutoka chini ushapita ile mita 4.3 ya urefu wa kwenda juu inayoruhusiwa, ila ukiiweka kwenye lobedi isiyofika mita moja unapita chini ya nyaya na madaraja bila presha.

Shida ni kwamba huo uchini wake ndo unaosumbua kwenye matuta na reli, shingo ya mbele inayoshikana na kichwa cha lori inapita, matairi ya nyuma yanapita, tumbo linagota katikati. Ndo maana dereva mzoefu anashuka kwanza akaangalie.

Na jamani mnyororo! Naona watu wanafunga miwili mbele wanasema uzito wenyewe utaishika. Hapana. Chuma juu ya chuma kinateleza, hasa cheni za kutembelea za eskaveta zikiwa na tope, na ukishuka mlima Kitonga kule Iringa ukashika breki ghafla ndo utajua. Funga kona zote nne, halafu mkono na bakuli la kuchotea udongo vipate mnyororo wao, ukitembea kidogo simama ukaze tena maana lazima ilegee.

Kibali cha mzigo usio wa kawaida nacho kitafute mapema, sio mpaka ufike mizani ndo uanze kupiga simu.