Saa Saba Kando ya Barabara ya Kusini

Nililipa nauli ya shilingi 38,000 kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Mtwara, na kwa fedha hizo niliahidiwa kiti cha dirishani, kiyoyozi, na kufika kabla ya jua kupoa. Kiti nilichopewa kilikuwa juu ya tairi la nyuma, kiyoyozi kilikuwa ni dirisha lisilofungika, na begi langu la nguo likatozwa shilingi 5,000 zaidi kwa sababu ambayo konda hakuona haja ya kuieleza. Hayo yote ningeyasamehe. Lakini tulipoipita Somanga, tukiwa hatujafika Nangurukuru, klachi ilikwisha, gari likajikokota hadi pembeni, na konda akatutangazia kwa uchangamfu kwamba ni nusu saa tu, spea inakuja kutoka Lindi. Spea ilikuja baada ya saa saba nzima.

Utingo alikata matawi akayapanga barabarani, nasi abiria tukatafuta vivuli vya mikorosho. Maji ya chupa yalipanda bei mara mbili kadiri jua lilivyopanda. Mtandao haukuwapo. Simu yangu ilikuwa na kitu kimoja tu cha kunishughulisha, nacho ni muziki wa Philip Glass, Mmarekani aliyezaliwa Baltimore mwaka 1937, ambao mpwa wangu aliniwekea kwa ubishi baada ya mimi kumwambia kwamba mtunzi huyo ni mtu aliyekwama. Nimepiga kinanda cha kwaya kwa miaka 20, na siku zote nimeamini kwamba wimbo hutoka mahali ukafika mahali. Wake niliuona kama gari letu.

Chini ya mkorosho wangu aliketi mzee mmoja wa Mtama, ambaye nilikuwa nimemkanyaga mguu wakati wa kushuka na bado nilikuwa namwonea haya. Aliniuliza nasikiliza nini. Nikampa spika moja ya sikio, kwa adabu tu, nikitarajia airudishe upesi. Iliyokuwa ikipigwa ni Two Pages, kazi ya mwaka 1968, inayoanza kwa sauti tano zinazopanda, zikirudiwa na kurudiwa kwa mwendo uleule. Mzee alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaanza kugonga dumu tupu kwa vidole viwili.

“Mwanangu, huyu harudii,” akasema. “Hesabu. Tano, tano, tano. Sasa ni tano na nne. Ameongeza mkia.”

Nikahesabu. Kweli, baada ya zile tano zilikuja nne, na punde zikaja tano, nne na tatu, na mkia ukazidi kurefuka huku mwendo haubadiliki hata kidogo. Nimesoma noti tangu utotoni, na jambo hilo lilikuwa limenipita mara zote nilizousikiliza muziki huo kwa hasira. Mzee aliniambia kwamba ujanani alipiga msondo katika ngoma za jando, na kwamba mpigaji akiongeza pigo moja, wa kwanza kulijua ni mguu wa mchezaji, sikio hufuata baadaye.

Nilimsimulia nilichokijua. Katikati ya miaka ya 1960, Glass akiwa mwanafunzi wa mwalimu wa muziki Nadia Boulanger mjini Paris, alipewa kazi ya kuandika kwa noti muziki wa filamu aliotunga Ravi Shankar, mwanamuziki wa India, ili wapigaji wa Kifaransa waweze kuusoma. Kila alipoweka mistari ya kugawa mapigo, mpiga tabla, yaani ngoma za Kihindi, Alla Rakha alimwambia kwamba amekosea, kwa kuwa sauti zote ni sawa. Hatimaye akaifuta mistari yote, na hapo akaona jinsi mapigo yanavyoungana kwa kuongezwa. Mzee alicheka.

“Kumbe mwalimu wake ni mpiga ngoma!”

Saa zile zilinipa nafasi ya kuzikumbuka upya filamu nilizoziona kwa mpwa wangu. Muziki mwingi wa filamu hufuata uso wa mwigizaji kama mpambe: akilia, fidla nayo inalia. Glass hafanyi hivyo. Katika Koyaanisqatsi ya mwaka 1982, ambayo haina mazungumzo, mawingu na magari ya mjini yanapita, na muziki unakwenda kando yake kwa hesabu yake wenyewe, hata mtazamaji akalazimika kuamua mwenyewe ahuzunike au astaajabu. Katika The Hours ya mwaka 2002, wanawake watatu wa nyakati tatu tofauti wanafungwa pamoja na muziki mmoja usiojali ni mwaka gani. Naye kilichotumika hakitupi. Sehemu za fidla mbili, viola na selo alizoziandikia filamu ya Mishima mwaka 1985 ndizo zilizokuwa Kwarteti yake ya Nyuzi ya 3, nayo husimama ukumbini bila picha yoyote. Sikubaliani naye katika kila kitu. Simfoni zake kadhaa, zile kazi ndefu za okestra, naziona zina uzito kupita zinachobeba.

Mzee hakujali filamu. Alitaka kujua kama kazi hiyo inalipa. Nikamwambia kwamba hata baada ya opera yake, yaani mchezo wa jukwaani wa kuimbwa, kupigwa New York mwaka 1976 mbele ya ukumbi uliojaa, Glass alirudi kuendesha teksi, na kabla ya hapo alikuwa pia fundi bomba. Mzee akatazama miguu ya dereva wetu iliyochomoza chini ya gari, akasema, “Huyo naye huenda ana nyimbo zake.”

Tulimshusha Mnazi Mmoja ya Lindi usiku. Mtwara niliingia saa tano, nikalala katika chumba cha shilingi 30,000 ambacho pangaboi lake lilikuwa la kutazama tu. Siku tatu za harusi iliyonipeleka huko zilipita vizuri, na sina la kuziandikia.

Usiku wa mwisho joto lilininyima usingizi, nikasikiliza konseto yake ya fidla ya mwaka 1987, yaani kazi ambayo fidla moja inaongoza na okestra inaifuata. Katika sehemu ya pili besi inashuka ngazi zilezile tena na tena, na fidla inaimba juu yake bila haraka. Glass aliiandika kwa kumkumbuka baba yake, Ben, aliyependa konseto za fidla na ambaye hakuishi kuisikia. Ben alikuwa na duka la redio na santuri. Santuri zisizonunuliwa alizichukua nyumbani akazisikiliza, apate kujua zina kasoro gani, na mwishowe akazipenda.

Baba yangu alikuwa fundi redio Muheza. Redio ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua alizileta nyumbani, akaziwasha kila jioni kwa zamu, akisema anazijaribu. Zilikuwa zimeshapona zamani. Mama alilalamikia betri, nasi tukalalamikia kelele.

Asubuhi, kabla ya kupanda gari la kurudi, nilimpigia simu dada yangu nikamwuliza kama lile sanduku la kaseti za baba bado lipo. Akasema lipo, chini ya kitanda, ila panya wameanza kulitafuna pembeni, na akaniuliza kaseti nitazipigia wapi, kwa kuwa redio zote tulizigawa.