Neno lililokosekana kwenye taarifa yangu

Oktoba 27, 2018, nikiwa zamu ya usiku katika chumba cha habari hapa Mwanza, niliandika kwamba watu 11 wameuawa kwa risasi mjini Pittsburgh, Marekani, bila kutaja kwamba walikuwa Wayahudi waliokuwa sinagogi siku ya Sabato. Mhariri aliizungushia sentensi yangu kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Waliuawa kwa nini?"

Sisi wa Kanda ya Ziwa tulipaswa kulijua swali hilo mapema, maana tulipokuwa tukiripoti mauaji ya watu wenye ualbino, wapo waliotangaza hata bei ya viungo, wakausambaza uongo uleule uliokuwa ukiua, kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Vivyo hivyo, mwandishi anayenukuu uzushi kwamba Wayahudi wanaitawala dunia kwa siri, asiseme papo hapo kuwa ni uzushi, anaupa kipaza sauti.

Kuikosoa serikali ya Israeli kuhusu Gaza ni kazi yetu halali kabisa. Kumbebesha Myahudi wa Paris lawama za serikali hiyo ni chuki. Kwa hiyo ninapoandika taarifa itakayosikilizwa Kirumba na Ukerewe, nikikuta "Wayahudi" mahali palipostahili "jeshi la Israeli", ninafuta na kuandika upya, hata kama dakika za kwenda hewani zimebaki mbili.