Kuhesabu kwa Vidole

Somo: Zaburi 90:12-17

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo nililopangiwa wiki hii nimeliweka kando, mnisamehe. Jumamosi tulitimiza siku 40 tangu tumzike mjomba wangu, na kila nikifungua Biblia mkono unaenda kwenye Zaburi ya 90, ile sala ya Musa. Nimeona niandike lililo moyoni.

Mjomba alikuwa mkulima wa mtama na karanga, huko Ugogo, upande wa Chamwino. Shule aliishia darasa la saba. Wanakijiji walimwita Malenga, yaani mtunzi wa mashairi, nusu kwa heshima, nusu kwa utani, maana mtu anayesimama katikati ya palizi akinong'ona peke yake lazima ataniwe. Alitunga kwa sheria: kila mshororo mizani 16, yaani silabi 16: 8 za ukwapi, nusu ya kwanza ya mstari, na 8 za utao, nusu ya pili; vina vya kati na vya mwisho, na kibwagizo, ule mstari wa kurudiwa, mahali pake. Sheria hizo alizipata kwenye kitabu cha Sheikh Amri Abedi cha mwaka 1954, nakala isiyo na jalada, iliyoshonwa kwa uzi wa gunia. Huyo ndiye sheikh aliyekuja kuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa jiji letu hili la Dar es Salaam. Mjomba, mzee wa kanisa, hakuona tatizo lolote kufundishwa na sheikh. Aliyempenda kuliko wote, lakini, alikuwa Mgogo mwenzake, Mathias Mnyampala, aliyefariki 1969, kwa kuwa alizitia Zaburi katika utenzi. "Mtu wa kwetu," alikuwa akisema, kana kwamba walilima shamba moja.

Aliyatuma mashairi yake kwenye gazeti moja kwa posta, miaka nenda rudi. Yalitoka mawili. Hilo la pili lilitoka kwa jina la mtu mwingine. Alikikata kipande kile hivyo hivyo, akakibandika ndani ya mlango wa kabati.

Alihesabu mizani kwa mkono wa kulia. Kidole gumba kinagusa vidole vinne kwenda, kinarudi vinne: 8. Nilipokuwa mdogo nilidhani ana ugonjwa. Hata ibadani mkono ule haukutulia. Mchungaji akihubiri, mjomba anampimia sentensi. Siku moja aliniambia kwamba Zaburi hazina vina, ila zina ukwapi na utao: kipande cha kwanza kinasema, cha pili kinaitikia. Halafu akanifungulia Zaburi ya 119. Herufi za Kiebrania ni 22, na kila herufi imepewa aya 8, jumla 176. "Nane, mpwa wangu! Na hao hawakusoma kwa Sheikh Amri." Alifurahi kuliko siku aliyouza karanga zake kwa bei nzuri.

Sasa nije kwenye langu. Miaka mitatu iliyopita alinikabidhi madaftari saba nije nayo Dar, niyachape kwenye kompyuta, nitafute mtu wa kuyatoa kitabu. Niliyafunga kwenye mfuko wa rambo, nikayasukuma chini ya kitanda, hapa Tabata. Kila akipiga simu nilimjibu, "Bado kidogo tu, mjomba." Nilikuwa na kazi, foleni, ada za watoto. Wala tusijidanganye, nilikuwa pia na muda wa kutazama mpira. Masika yakaja. Sisi tunaokaa bondeni mnatujua: usiku maji yaliingia mpaka magotini, tukawabeba watoto, tukabeba godoro na jiko la gesi. Madaftari niliyakumbuka asubuhi. Wino ulikuwa umetoka wote, kurasa zimegeuka samawati kama maji ya kufulia sare.

Nilikaa wiki mbili ndipo nikampigia. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama watoto ni wazima. Nikamwambia ni wazima. Akasema, "Basi sikiliza," akanisomea kwa kichwa mpaka salio likaniishia. Ubeti niliowahi kuuandika nyuma ya risiti ya luku ni huu:

Jembe nimeliinua, mvua naisubiri,
Mawinguni kuna jua, shamba halijanawiri,
Mola ndiwe wa kujua, siku itokayo heri,
Mpanzi hana habari, mvunaji hutambua.

Musa anamwomba Mungu, "utujulishe kuzihesabu siku zetu." Zamani nilielewa kuhesabu huku ni kama kwa mwenye deni, anayetazama kalenda kwa hofu. Aya ya 9 yenyewe inatisha: miaka yetu tumeitowesha kama kite, yaani kama mguno wa mtu aliye katika maumivu. Ila mjomba alihesabu kwa namna nyingine. Alihesabu ili kila kipande kitimie, kisipungue wala kisizidi, hata kama hakuna wa kukisoma. Na tazameni Musa anavyomaliza: "kazi ya mikono yetu uithibitishe," halafu anarudia, "naam, kazi ya mikono yetu uithibitishe." Hicho ni kibwagizo, wapendwa. Anayekitoa ni mtu aliyeongoza watu miaka 40 jangwani na nchi yenyewe akaionea mlimani tu. Haombi asifiwe. Anaomba Mungu aishike kazi ambayo mikono yake mwenyewe haitaweza kuishika tena. Mimi niliposhindwa kuyashika madaftari saba, ombi hili ndilo lililobaki kunisimamia, na sijui kama nina haki nalo.

Mjomba tulimleta Dar kwa matibabu, figo zikawa zimeshachoka. Siku za mwisho alirudi nyumbani kwangu, akalala chumba kile kile cha madaftari. Alikuwa na miaka 74. Usiku ule sauti ilikuwa imekwisha, lakini kidole gumba kilikuwa kinatembea juu ya shuka. Mke wangu alidhani anatetemeka, akataka kumfunika. Nikamwambia, "Mwache, anatunga." Kilikwenda vinne, kikarudi vinne. Kikaanza tena kwenda. Kikasimama kwenye kidole cha tatu.

Chini ya mto tulikuta karatasi ya dawa, imeandikwa kwa penseli: "Mbuzi wamefunguliwa," basi. Mizani 8, ukwapi mtupu. Jumamosi, baada ya sala na chai, wazee wa kijijini walikaa chini ya mwembe wakijaribu kuutafutia utao. Mmoja alisema wanaelekea malishoni, mwingine akasema wanarudi kwa mwenyewe. Binti yangu wa darasa la nne alikuwa pembeni, anahesabu kila jibu kwa kidole gumba, anawaambia, "Babu, imezidi moja."