Nilivyomvusha shangazi Likoni akiwa kwenye kiti cha magurudumu

Shangazi yangu, ambaye tumeishi naye mtaani Umoja, Nairobi, tangu alipopooza upande mmoja, aliomba apelekwe Ukunda, kusini mwa Mombasa, akakae na bintiye. Ndugu zangu walipendekeza tukodi gari kutoka kituo cha treni cha Miritini na kupita barabara ya Dongo Kundu, ili tusiingie ferini kabisa, lakini bei tuliyotajiwa ilikuwa nzito mno kwetu. Feri ya Likoni, inayovusha watu kati ya kisiwa cha Mombasa na upande wa kusini, haimtozi nauli mtu anayevuka kwa miguu. Ada hulipwa na wenye magari. Kwa sisi wa Nairobi, ambako mvua ikinyesha tu nauli ya matatu hupanda, hiyo ni huduma ya kuthaminiwa sana.

Alichokihofia shangazi ni umati. Mwaka 1994 alikuwa akiishi Pwani, na hajaisahau asubuhi ya tarehe 29 Aprili, feri iliyojaa kupita kiasi ilipopinduka Mtongwe, kivuko kingine cha Mombasa, na watu 272 wakafa. Sikumwambia kwamba hofu hiyo haina msingi, kwa sababu msingi inao; nilichofanya ni kutafuta saa ambayo msongamano umepungua. Asubuhi watu hutoka Likoni kuingia kisiwani kazini, na jioni hurejea makwao, kwa hiyo anayeelekea kusini kabla ya adhuhuri huwapa mgongo wengi wao. Tulipanda treni ya alasiri kutoka Syokimau, tukalala kwa jamaa yetu Magongo, na kesho yake tukafika kivukoni mnamo saa nne asubuhi.

Kulikuwa pia na suala la maji, ambalo watu wa bara hatulifikirii. Feri hushusha lango lake juu ya mteremko wa zege, na bahari inapokupwa, sehemu ya kuteremka huwa ndefu zaidi, tena yenye utelezi. Wakati wa bamvua, mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama, maji hupwa sana katika saa hizohizo za asubuhi. Ndiyo sababu nilisubiri siku za maji mafu, ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo. Naliona hili kuwa muhimu kuliko yote niliyopanga.

Nilimteremsha kinyumenyume, mgongo wa kiti ukitangulia, ili asije akaserereka mbele, kisha nikafunga breki pembeni, mbali na magari. Shangazi alinishika mkono hadi ng'ambo, mwendo wa dakika chache. Upande wa Likoni, ambako mteremko hupandwa, vijana wawili walinisaidia kusukuma bila kuombwa. Tukapanda matatu ya Ukunda, kiti kikakunjwa na kuwekwa nyuma, na fedha tulizookoa zikalipia mazoezi ya viungo ya shangazi huko huko Ukunda.