Vitoto vya Devon Rex vimetuvamia Bukoto

Jamani, paka wetu Devon Rex amezaa, na nyumba haina utulivu tena! Manyoya ya vitoto yamejikunja kama nywele zilizofumuliwa jana, na sharubu ni fupi, zimepinda, zinakatika ovyo. Jirani alichungulia akauliza, "Dada, hawa wamepatwa na upele?" Hapana mama, ndivyo walivyo. Jamii hii ilianzia Devon, Uingereza, karibu mwaka 1960, kwa dume aitwaye Kirlee. Cha ajabu, walipompandisha kwa majike wa Cornish Rex, ambao nao wana mawimbi, vikazaliwa vitoto vya manyoya yaliyonyooka kabisa. Kumbe jeni ni tofauti.

Kazi kubwa ni joto. Manyoya yenyewe mepesi, na mvua za Kampala mnazijua. Usiku naweka chupa ya maji ya moto niliyoizungushia kanga, upande mmoja tu wa boksi, ili anayeona joto limezidi asogee. Masikio nayo hutoa nta ya kahawia. Nafuta kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, sichokonoi ndani.

Wakikua kidogo manyoya huweza kupukutika wakabaki na vipara, kisha yanaota upya. Msishtuke. Kuanzia wiki ya 4 naanza kuwaonjesha chakula laini, na mukene (dagaa) kidogo waliochemshwa bila chumvi, huku wakiendelea kunyonya. Mama yao huwa wa kwanza kwenye sahani, hana aibu.

Mnaouliza bei inboksi: hatoki mtu hapa kabla ya wiki 12. Na yule mwenye doa jeupe puani siuzi!