Kurasa za Njaa

Mwaka 2005, Vita vya Majimaji vilipotimiza miaka mia moja, mimi na mwalimu mmoja mstaafu tulikuwa tunaandaa kitabu cha katuni kwa wanafunzi wa shule za msingi. Yeye aliandika, mimi nilichora. Mwanzo haukutusumbua: wanaume wa Nandete waking'oa pamba ya mkoloni Mjerumani mwishoni mwa Julai 1905, mganga Kinjikitile akigawa maji ya dawa kule Ngarambe, bunduki za rashasha kule Mahenge. Mambo hayo yana mshindo, na mkono wa mchoraji huyakimbilia.

Tulibishana kuhusu mwisho. Mwalimu alitaka tumalizie Songea, tarehe 27 Februari 1906, wakuu wa Wangoni wanaponyongwa. Nilikataa. Waliokufa kwa risasi na kitanzi ni sehemu ndogo tu ya wafu wa vita vile. Majeshi ya Gavana von Götzen yalichoma vijiji, mashamba na maghala kwa makusudi, ili njaa imalize kazi, nayo ikaua mpaka 1907. Kuna wanahistoria wanaotaja wafu 250,000 hadi 300,000. Mtoto akifungia kitabu kwenye kitanzi ataamini kwamba walikufa wapiganaji peke yao, na bibi zake waliokufa jikoni hatawajua.

Lakini njaa unaichoraje?

Tulipanda hadi Kipatimu kumwona bibi mmoja ambaye mama yake alikuwa msichana mdogo wakati wa vita.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni mkekani."

Hakujua kusoma, ila picha alizifuata moja baada ya nyingine, akizigusa nyuso kwa kidole. Nilimsomea maneno, na milio pia, maana kila penye kijiji nilikuwa nimeandika "Pu! Pu!" kando ya kinu. Hapo akanisimamisha.

"Mama alisema vinu vilinyamaza. Unatembea jioni, hujui kama umefika kijijini au bado uko porini. Cha kutwanga hakuna. Walichimba ming'oko, mizizi ya porini, nayo ikaisha."

Nilichora palepale mkekani. Ua uleule, mwezi baada ya mwezi, bila mlio hata mmoja: kinu kimelazwa, watu wanapungua, kisha miti inaota mlangoni na tembo wanapita. Hilo la tembo si pambo. Nchi kubwa ilibaki bila watu, msitu ukairudia, na sehemu yake ndiyo iliyokuja kuwa Hifadhi ya Selous.

Mwalimu alizitazama picha zile kwa muda mrefu. "Hizi zifuate kitanzi," akasema.

Siku tulipokipeleka kitabu darasani, mvulana mmoja wa darasa la sita alinyoosha mkono. "Mwalimu, mbona hapa watu wanakufa na askari hawapo?"

Mwalimu alimfungulia kurasa zilizotangulia, kwenye ghala linaloungua, akamwambia awatafute hapo.