Ladha ya chuma ni ya ulimi au ya pua?

Wifi yangu mjamzito, klinik wamempa vidonge vya damu, vile vyenye madini ya chuma, basi tangu hapo kilio kimoja tu, chai chuma, mkate chuma, jana mchuzi wa pweza kausukuma huko ati kama kalamba msumari. Mama anamwambia vumilia mwanangu, mimba ndo zilivyo. Na kweli wapo wajawazito wanaopata hali hii hata bila ya kidonge.

Sasa mie nikamwambia hebu siku kidonge kikianza kuyeyuka mdomoni kabla hujakimeza, bana pua. Kabana, kakaa kidogo, akanitolea macho. Ile chuma imepungua sana, kilobaki ni ukakasi na uchungu kwa mbali, alivoachia pua tu hii hapa imerudi! Maana yake sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ya chuma ni harufu, madini yale yakikutana na mafuta mafuta yaliomo mdomoni yanatoa mvuke unaopanda puani kwa nyuma, kwenye koo, na sie tunamsingizia ulimi. Mkono nao vile vile, panda daladala ya Bububu ushikilie kile chuma kilichobambuka rangi na jasho lako, ukishuka nusa kiganja. Chuma chenyewe hakifuki hata kikaingia puani, unachonusa ni mafuta ya ngozi yako mwenyewe yaliyobadilishwa na chuma.

Ila si kila chuma ni pua. Sie utotoni tulikuwa tunalamba ile betri ya mraba yenye vichwa viwili kujua kama ina moto (wazee wasituone tu), ile hata ubane pua haiondoki kwa sababu ni umeme unaogusa ulimi wenyewe. Karne ya 18 huko Johann Georg Sulzer wa Uswisi aliweka kipande cha madini ya risasi na cha madini ya fedha vikagusana kwenye ulimi, akasikia ladha hiyo hiyo, na betri ilikuwa hata haijatengenezwa.

Flagyl ndo mbaya zaidi kwangu. Dawa ile ikishaingia kwenye damu inatokea tena kwenye mate, kwa hiyo sukutua, tafuna karafuu, piga mswaki mpaka ufizi ukuume, mate mapya yakija tu yanakuja nayo.